Hei iuzwe kwa kilo, si kwa robota

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie bei ya hei, yaani majani yaliyokaushwa ya kulishia mifugo, hapa Unguja na Pemba. Majani yanapoanza kuadimika, malalamiko ni yale yale: wenye mabanda ya farasi wa Kendwa na Nungwi wanasema wakulima wa majani wamepandisha bei bila sababu, na wakulima wanasema wanafanya kazi ya bure. Pande zote mbili zina haki ya kulalamika, kwa sababu zinauziana kitu ambacho hakuna aliyekipima. Robota si kipimo. Marobota mawili ya ukubwa mmoja yanaweza kupishana kilo 6, na hata yakilingana uzito, moja linaweza kuwa limebeba maji zaidi ya jingine. Anayenunua kwa macho ananunua hewa na maji kwa bei ya chakula.

Visiwa vyetu havistahiki kuwa na tatizo hili. Karafuu haiuzwi kwa pakacha. Mkulima anaipeleka ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, inapimwa kwa kilo, inatazamwa ukavu na usafi wake, inapewa daraja, na bei inafuata daraja. Karafuu iliyonyeshewa ikavunda inaitwa mpeta na hailipwi sawa na nyekundu iliyokauka. Hei ni zao la kuanikwa vile vile, na jua linaloikausha ni lile lile. Tunachokiomba ni utaratibu huo huo uje kwenye majani.

Kwanza gharama, maana bei haiwezi kujadiliwa hewani. Tuchukue eka moja ya majani ya Rhodes, aina ya majani yanayopandwa kwa malisho, yanayotegemea mvua, shamba lililotunzwa, linalotoa hei mara mbili kwa mwaka, kilo 1,500 kila mvuno. Bei za vitu tunazoziweka hapa ni za mfano tu. Msomaji aziondoe aweke za kijijini kwake, na mwendo wa hesabu utabaki huu huu.

Kuanzisha shamba: kufyeka na kung'oa visiki shilingi 150,000, trekta kulima mara mbili 120,000, mbegu kilo 5 kwa shilingi 20,000 kila kilo, 100,000, kupanda na palizi ya mwanzo, siku 12 za kibarua kwa 15,000, ni 180,000, uzio 250,000. Jumla 800,000. Majani ya Rhodes yakitunzwa hukaa kiasi cha miaka minne kabla ya kupandwa upya, kwa hiyo kila mwaka unabeba 200,000. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya: mwaka wa kwanza wanazihesabu zote na kukata tamaa, au hawazihesabu kabisa na kudhani wanapata faida, mpaka shamba linapochoka na hakuna akiba ya kulipanda tena. Mbegu nayo inataka uangalifu. Ni ndogo na nyepesi kama vumbi, haimwagiki vizuri mkononi, kwa hiyo ichanganywe na mchanga mkavu ndipo imwagwe, na isifukiwe zaidi ya sentimita 1. Mashamba mengi yanayosemwa kuwa mbegu ilikuwa mbovu, mbegu ilizikwa. Uwandani kwenye mawe, ambako trekta halipiti, kazi yote ni ya jembe na hesabu hii hupanda.

Gharama za kila mwaka: urea mifuko 2 kwa 80,000, ni 160,000, samadi, gari la ng'ombe mara 6 kwa 10,000, ni 60,000, palizi siku 6 za kibarua, 90,000, kukodi ardhi 150,000. Ukijumlisha na ile 200,000 ya kuanzisha, unafika 660,000 kabla hujakata hata jani moja. Mbolea si ya kuruka. Tani moja ya hei huondoka shambani na kiasi cha kilo 15 za naitrojeni, na potashi isiyopungua hapo. Tani tatu ni kilo 45, na mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23; ndiyo maana ikawa mifuko miwili. Urea haina potashi, hiyo inaletwa na samadi. Ng'ombe aliyefungwa shambani huacha kinyesi pale pale anapokula, lakini hei inaondoka moja kwa moja. Shamba linalouza hei bila kurudishiwa kitu hupunguza mavuno mwaka hadi mwaka, na mwenyewe husema mvua imebadilika.

Kila mvuno una gharama zake: kukata kwa mashine ya begani, pamoja na mtu na petroli, 90,000, kugeuza na kukusanya, watu 3 kwa siku 3, ni 135,000, kufunga na kubeba hadi ghalani, watu 4 kwa siku 2, ni 120,000, kamba 40,000. Jumla 385,000, na kwa mivuno miwili 770,000. Ghala na maturubai, fungu la mwaka mmoja, 180,000.

Sasa jumla ya mwaka ni shilingi 1,610,000. Gawa kwa kilo 3,000, kilo moja imekugharimu 537. Lakini hakuna anayeuza kilo zote alizokata. Majani yanayodondoka wakati wa kugeuza, robota la chini lililopata unyevu, lililokatika kamba, panya. Toa sehemu moja kwa kumi. Kilo za kuuza ni 2,700, na kilo moja imegharimu 596. Robota la kilo 18 limekula karibu shilingi 10,700 kabla ya faida na kabla ya gari. Na mvua ikipiga nusu ya mvuno mmoja ukaitupa, gharama inapungua kidogo tu, kwa kuwa hukufunga hayo uliyoyatupa, ila kilo za kuuza zinashuka hadi 2,025 na kila kilo inafika 756. Mvua ya saa moja siku ya pili ya kuanika ina uzito mkubwa katika hesabu hii kuliko mbolea ya mwaka mzima.

Kwa sababu hiyo tunasisitiza kuanika kuliko jambo jingine lolote. Majani mabichi yana maji asilimia 75 hadi 80. Hei ya kuwekwa ghalani isizidi 15. Ili upate kilo 1 ya hei unahitaji kiasi cha kilo 3 na nusu hadi 4 na robo za majani mabichi, na tofauti yote hiyo lazima iende hewani. Hewa yetu imeshiba unyevu. Bara kukavu majani yanaweza kukauka kwa siku mbili na kubaki makavu usiku. Hapa, yaliyokauka jioni yanakunywa umande mpaka asubuhi. Kwa hiyo kata asubuhi umande ukishaondoka, kiasi cha saa tatu au saa nne, uyatandaze yasizidi kimo cha kiganja. Adhuhuri geuza. Kabla ya magharibi yakusanye kwenye mistari minene, si kwa sababu yamekauka bali ili umande upate sehemu ndogo ya kukaa. Kesho yake yasitandazwe mpaka ardhi yenyewe imekauka. Funga siku ya tatu baina ya saa sita mchana na saa kumi. Anayefunga baada ya hapo anafunga unyevu wa jioni.

Ukavu haupimwi kwa rangi. Majani yanaweza kuwa na rangi nzuri na bua likawa na maji, na bua ndilo linaloozesha robota. Kwangua bua kwa ukucha penye kifundo. Ukiona majimaji, bado. Sokota kitita mkononi. Mabua yakikatika kwa mlio baada ya kusokotwa mara chache, yako karibu. Kipimo kilicho bora zaidi, na kisicho na gharama, ni cha chumvi: chukua chupa kavu ya mdomo mpana, katakata gao moja la hei utie, weka vijiko vichache vya chumvi, funga, tikisa kwa nguvu kama nusu dakika. Chumvi ikibaki chenga chenga, hei iko chini ya asilimia 15. Ikigandana au kushika ukutani mwa chupa, rudisha juani. Huku kwetu chumvi ya dukani yenyewe huwa na unyevu, kwa hiyo ikaangwe kwanza kwenye sufuria kavu ipoe ndani ya chombo kilichofunikwa. Bila hivyo chupa itasema uongo.

Hei iliyofungwa na maji zaidi ya asilimia 20 huota ukungu. Ikizidi 25 hupata joto, na rundo kubwa linaweza kuwaka moto lenyewe wiki kadhaa baadaye. Anayetilia shaka rundo lake achome nondo katikati aiache nusu saa. Ikitoka ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, arudi nyuma, awe na maji karibu na watu wa kumsaidia kabla ya kulifumua, maana hewa ikiingia ghafla ndipo linapowaka.

Msimu nao una hila yake. Majani ya Rhodes yakatwe yanapoanza kutoa maua, ndipo yanapokuwa na protini ya kutosha kwa farasi wa kazi, kiasi cha asilimia 8 hadi 10. Yakishaiva mbegu, protini hushuka hadi 5 au chini yake na bua hugeuka kuni. Tatizo ni kwamba yakiachwa yakue yenyewe, maua hutoka Mei, masika ingali inamwaga. Mkulima anangoja mpaka Julai apate jua, na anachokifunga ni mabua. Dawa ni kukata katikati ya Aprili, majani hayo yakauzwa mabichi kwa wenye ng'ombe wa maziwa, wala usijaribu kuyaanika. Shamba litachipua upya na kutoa maua wiki nane baadaye, katikati ya Juni, mvua zimepungua na kusi linavuma. Mvuno wa pili ni wa Januari au Februari baada ya vuli, na huo ndio rahisi kukausha kuliko wote. Pemba, ambako mvua ni nyingi zaidi, dirisha la Juni ni jembamba, na karafuu zikianza kuchumwa kibarua wa majani hapatikani kwa bei ile ile. Anayelima majani Wete au Micheweni aweke gharama ya kibarua juu zaidi na ategemee zaidi mvuno wa Januari.

Turudi kwenye robota. Hapa wengi wetu tunafunga kwa sanduku la mbao lisilo na chini wala juu, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Kamba mbili zinatandikwa kwanza, majani yanashindiliwa kwa miguu tabaka kwa tabaka, kamba zinafungwa, sanduku linanyanyuliwa. Aliyeshindilia kweli kweli anapata kilo 18 hadi 20. Aliyechoka, au anayeuza kwa idadi, anapata 12. Ukubwa ni ule ule kwa sababu sanduku ni lile lile. Kila robota hula kiasi cha mita 6 za kamba, na mvuno wa eka moja huhitaji kama mita 500. Kamba ya usumba inafaa, haiozi upesi na ikisahaulika kwenye hori haina madhara makubwa. Nailoni ni rahisi, lakini kipande kikimezwa na farasi kinaweza kuziba utumbo, na dawa yake ni upasuaji ambao si rahisi kuupata kisiwani. Anayetumia nailoni akubaliane na mnunuzi kwamba kamba zitahesabiwa zinapofunguliwa.

Tazama sasa bei inavyopotosha. Gharama 596, ongeza robo iwe faida na ngao ya mwaka mbaya, unapata karibu 750 kwa kilo, shambani. Robota la kilo 18 ni 13,500. Mwenye banda anashtuka, anakwenda kwa jirani anayeuza 10,000. La jirani lina kilo 12. Amelipa 833 kwa kilo na kurudi nyumbani akiamini amepunguziwa.

Gari linazidisha hasara hiyo. Hei hujaza gari kabla haijalilemea. Kenta la tani 3 likipangwa vizuri na kufungwa turubai linachukua kiasi cha marobota 80, iwe ni mazito au mepesi. Tuseme safari kutoka Cheju hadi Kendwa ni shilingi 100,000. Kwa marobota ya kilo 18 umebeba kilo 1,440, na kila kilo imelipiwa 69. Kwa ya kilo 12 umebeba 960, na kila kilo imelipiwa 104. Tofauti hiyo hailipwi na mwenye gari. Na gari hilo lisirudi tupu. Mabanda ya farasi yana samadi inayowasumbua wenyewe mahali pa kuitupa, na shamba la majani linaililia. Irundikwe, inyunyiziwe maji, igeuzwe, ikae miezi miwili au mitatu ipate joto la kuua mbegu za magugu, ndipo imwagwe shambani. Ikimwagwa mbichi inaleta magugu mapya na mayai ya minyoo.

Maji nayo yana bei. Kilo 18 zenye unyevu wa asilimia 15 zina kilo 15.3 za majani yenyewe. Zenye unyevu wa 25 zina 13.5. Kwa bei ya 750, robota hilo la pili, hata bila ukungu, lina thamani ya karibu 11,900, si 13,500. Muuzaji hakuiba, pengine hajui. Ila mnunuzi kalipa shilingi 1,600 kwa maji ya kisimani, kisha ukungu ukija anapoteza lote. Farasi si ng'ombe. Vumbi la ukungu humletea kikohozi na pumu isiyopona, na hei iliyovunda humsokota tumbo. Wala hatapiki, kwa kuwa umbile lake halimruhusu. Hei ya namna hiyo haifai hata kuwa matandiko ya banda. Iwe matandazo ya migomba, na muuzaji aihesabu kwenye ile sehemu moja ya kumi aliyokwisha kuitoa.

Kuna jambo moja wanunuzi hawaliulizi na wauzaji hawalisemi, nalo ni aina ya majani. Setaria, na kwa kiasi fulani majani ya Guinea, yana oksaleti nyingi, kemikali inayofunga chokaa (kalsiamu) tumboni mwa farasi. Ng'ombe haimsumbui sana, kwani vijidudu vya tumbo lake huivunja. Farasi akilishwa hayo peke yake kwa miezi bila nyongeza ya chokaa, mifupa yake inapoteza madini, anachechemea, na baadaye uso unavimba. Majani ya Rhodes yana oksaleti kidogo, ndiyo maana tunayapendelea kwa farasi ingawa majani ya tembo yanazaa zaidi kwa eka. Majani ya tembo hayafai hei hata hivyo. Bua lake nene halikauki hapa. Lukina, mti wa malisho unaosifiwa kwa ng'ombe, humnyonyoa farasi manyoya ya shingo na mkia. Mbono ni sumu kali, na punje zake zikiingia kwenye robota zinaweza kuua. Shamba la hei lipitiwe kwa miguu mstari kwa mstari siku moja kabla ya kukata. Nusu siku ya kibarua inatosha, na nusu siku hiyo imo ndani ya bei ya haki.

Majani ya mpunga kutoka Cheju, Kibokwa au Makwararani ni kitu kingine. Protini yake ni ndogo, asilimia 3 hadi 5. Ng'ombe wanayala, punda anaridhika nayo kwa sehemu kubwa ya chakula chake, na hakuna ubaya kuyauza. Ubaya ni kuyaweka katikati ya robota na majani ya Rhodes nje. Yauzwe kwa jina lake na bei yake, ambayo kwa haki haifiki nusu ya hei, kwa sababu hayakulimiwa peke yake. Mpunga umekwisha kulipa shamba.

Wengine husema suluhisho ni kuleta kutoka Bara. Hei ya Vikuge, kule Kibaha, imefungwa kwa mashine na marobota yake yanalingana. Hatuna neno baya juu yake. Lakini toka ghala la Kibaha mpaka hori la Nungwi inapakiwa na kushushwa mara nyingi: lori, bandari ya Dar es Salaam, chombo, Malindi, gari jingine. Kila mkono unalipwa, na kila mkono unapukutisha majani membamba, ambayo ndiyo yenye chakula, unabakisha mabua. Iliyokuja juu ya sitaha ikarushiwa maji ya bahari haikauki tena vizuri, chumvi inavuta unyevu. Anayelinganisha bei alinganishe ya kilo iliyofika kwenye banda, si ya robota kwenye geti la Vikuge.

Wenye farasi nao wahesabu mahitaji yao kwa kilo. Farasi wa kilo 400 anataka chakula kikavu kama asilimia 2 ya uzito wake, kilo 8 kwa siku. Ikiwa chote ni hei ya asilimia 15 ya unyevu, ni kilo 9.4. Kwa mwezi ni kilo 282, karibu marobota 16 ya kilo 18. Kwa 750 pamoja na gari 69, ni shilingi 231,000 kwa mwezi. Kwa mwaka farasi huyo mmoja anakula kilo 3,431, wakati eka yetu moja inauza 2,700. Kwa maneno mengine farasi mmoja anakalia eka moja na robo. Shamba la eka tatu, lile fungu lililogawiwa kwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, likipandwa majani tupu linalisha farasi wawili na kubakisha kidogo. Anayefungua banda la farasi sita anahitaji zaidi ya eka saba na nusu za majani zilizotengwa mahali fulani kwa ajili yake, na hazitatokea zenyewe mwezi wa Septemba atakapopiga simu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ombi letu la pili baada ya kilo, nalo ni ahadi ya mapema. Mkulima anabeba kuanzisha shamba, mbolea na mvua peke yake, na mnunuzi anakuja na fedha baada ya hatari kupita, akitaka bei ya mwenzake. Kwa mvuno wa Juni makubaliano yaandikwe Februari, kabla ya masika. Yataje kilo, si marobota. Aina ya majani. Unyevu usiozidi asilimia 15. Bei ya kilo shambani na ya kilo iliyofikishwa. Na fungu la malipo ya awali linalotosha urea na vibarua wa kukata. Kwa hesabu yetu hapo juu hiyo ni kama 465,000 kwa eka, ukichukua gharama ya mvuno mmoja na mfuko mmoja wa urea. Yataje pia itakavyokuwa mvua ikiharibu: tunapendekeza hasara ya hei iliyonyeshewa kabla ya kufungwa igawanywe nusu kwa nusu kwa gharama tu, bila faida, na iliyoharibika ghalani iwe ya mkulima peke yake, kwa kuwa ghala liko chini ya mkono wake. Marobota yainuliwe sentimita 15 kutoka chini juu ya magogo ya mnazi au chaga za mbao, yaachane na ukuta kiasi cha futi moja, na paa la makuti likaguliwe kabla ya vuli.

Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 inatosha kazi yote. Si lazima kupima kila robota. Pima 10 yaliyochaguliwa na mnunuzi mwenyewe kutoka sehemu mbalimbali za rundo, toa wastani, zidisha kwa idadi. Katika hayo 10 yafunguliwe 2, yanuswe katikati, na kipimo cha chumvi kifanywe hapo hapo mbele ya pande zote mbili. Madaraja yawe matatu: la kwanza, majani ya Rhodes yaliyokatwa yanapotoa maua, ya kijani, makavu, kwa farasi, la pili, makavu na safi lakini yaliyokomaa, kwa ng'ombe na punda, la tatu, majani ya mpunga na mchanganyiko uliotajwa wazi. Chenye ukungu hakina daraja.

Kwa Wizara inayoshughulikia mifugo, tunaomba mambo mawili tu. Mizani za vituo vya mauzo ya majani zihakikiwe kama zinavyohakikiwa za karafuu, na maafisa wa mifugo wa wilaya wapatiwe kipima unyevu cha kuchoma kwenye robota, kimoja kwa kila wilaya kwa kuanzia, Kaskazini "A", Kati na Micheweni zikiwa mbele. Kifaa hicho kikikutana na chupa ya chumvi ghalani, mkulima na mwenye farasi watakuwa na kitu cha kukubaliana kabla ya kutaja bei.

Wakulima wa majani na wafugaji,
Wilaya ya Kaskazini "A", Unguja